Wikendi ya Dar kutokea Morogoro: namna ya kuipanga hatua kwa hatua

Watu wa Moro wengi tunaijua Dar kwa shughuli: msiba, harusi, hospitali, mzigo wa duka. Kwenda kutembea tu tunakuahirisha kila mwaka, na siku tukienda tunakugeuza kuwa shughuli vilevile. Tunataka Kariakoo, Mlimani City, Coco Beach na shangazi wa Mbagala, vyote Jumamosi moja, halafu jioni inatukuta tumesimama kwenye daladala lililokwama Magomeni.

Mimi huwapangia safari wenzangu wa kikundi cha vikoba hapa Kihonda, kina mama pamoja na watoto wao. Kanuni ninayowapa ni kwamba siku moja ni ya upande mmoja wa jiji. Hatua zote zilizopo hapa chini zinaitumikia hiyo.

Hatua ya 1: Tazama kalenda kabla ya kutangaza tarehe

Kuna wikendi Dar inakuwa na wenyewe. Simba na Yanga wakikutana Uwanja wa Mkapa, gesti za Kariakoo na Temeke zinajaa na barabara za upande ule hazipitiki kuanzia mchana. Maonesho ya Sabasaba, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai, yanafanya hivyohivyo Barabara ya Kilwa. Kama huendi kwa ajili ya mpira au maonesho, sogeza safari wiki moja.

Masika nayo, Machi hadi Mei, ni ya kufikiria mara mbili. Mvua kubwa ikinyesha usiku, Bonde la Jangwani linajaa maji, Barabara ya Morogoro inafungwa pale na mabasi ya mwendokasi yanasimama. Ukiwa umelala Sinza na mipango yako iko Kariakoo, siku imeisha. Mimi napenda Juni hadi Septemba, joto limepungua, ingawa upepo wa kusi huichafua bahari kidogo.

Hatua ya 2: Chagua usafiri kwa kuangalia unashushwa wapi

Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na nauli ya daraja la kawaida ilianzia shilingi 13,000. Safari yenyewe ni chini ya saa mbili. Watu hubishana kuhusu mwendo wake wa kilomita 160 kwa saa, lakini faida kubwa kwa mtu wa matembezi ni pale inapokufikisha. Stesheni ya Dar ipo mjini kabisa, jirani na stesheni ya zamani ya reli. Ukitoka nje, Gerezani na Posta unafika kwa miguu.

Basi la kutoka stendi ya Msamvu hapa Moro linapita Chalinze, Mlandizi na Kibaha, linajipanga nyuma ya malori, linapunguza mwendo kila penye tochi ya trafiki, mwisho linakushusha Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Hapo bado una zaidi ya kilomita 20 kufika Kariakoo, na jioni ya Ijumaa kipande hicho peke yake kinaweza kukuchosha kuliko safari yote ya nyuma.

Hata hivyo basi lina siku yake. Mwenyeji wako akikaa Mbezi, Kibamba au Kimara, treni itakuvusha mpaka mjini halafu ulipe tena kurudi nyuma. Panda basi, na kabla hujapanda muulize konda kama wanaishia Mbezi au wanaendelea hadi Shekilango, kwa sababu kampuni kadhaa zina ofisi zao huko. Na kama mwenyeji yuko Gongo la Mboto au Chanika, tafuta treni inayosimama Pugu badala ya ile inayopitiliza.

Hatua ya 3: Kata tiketi ya kurudi kwanza

Kwenda hakuna shida; ukikosa treni ya jioni utapata ya asubuhi. Jumapili jioni ndipo penye kazi, maana wafanyakazi, wanafunzi na waliokwenda kwenye sherehe wote wanataka kusafiri saa zilezile. Ninapopanga, natafuta kwanza nafasi ya kurudi Jumapili, nikiipata ndipo nakata ya kwenda. Ikikosekana, nahamisha wikendi nzima.

Tiketi inakatwa kwenye mfumo wa TRC, Shirika la Reli, mtandaoni au dirishani stesheni. Mtandaoni unapewa namba ya malipo, unalipia kwa simu. Lipa palepale, usiache ikae mpaka jioni. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho utakachobeba. Mama anayejulikana mtaani kwa jina la mwanawe wa kwanza akate tiketi kwa jina la NIDA. Watoto wa miaka 4 hadi 12 wana nusu nauli, kwa hiyo wakati wa kukata weka umri wao sahihi.

Ratiba ikiruhusu, ondoka Ijumaa jioni. Jumamosi ya kuamkia Dar ni ndefu kuliko Jumamosi ya kuamkia Kihonda na kukimbilia stesheni. Siku ya safari fika mapema, maana kuna ukaguzi wa vitambulisho na mizigo, na treni haimsubiri mtu aliyeko kwenye boda.

Hatua ya 4: Lala karibu na mipango ya Jumamosi

Kwa safari hii ya mjini, gesti au lodge za Kariakoo na Gerezani zinatosha. Sinza kuna vyumba vingi, vingine vizuri kwa bei ya kawaida, ila ukipewa chumba kilichopakana na baa utalala saa kumi alfajiri wakipumzika.

Piga simu kabla ya kutuma pesa, uulize: umeme ukikatika wana jenereta? Maji yanatoka bombani au ya ndoo? Mtoto analala na wazazi bila nyongeza? Geti linafungwa saa ngapi? Jibu la swali la mwisho linakueleza mengi kuhusu nyumba yenyewe. Na gesti iliyoandika bei ya saa ubaoni, usipeleke watoto.

Hatua ya 5: Jumamosi ni ya Kariakoo na mjini

Kunywa chai mapema na uingie Kariakoo maduka yanapofunguliwa, saa mbili na nusu au saa tatu. Saa tano jua limepanda, mikokoteni imejaa, na mtoto ameanza kulia. Usiiache Kariakoo mpaka Jumapili, kwani maduka mengi ya jumla hayafungui siku hiyo, utawakuta zaidi machinga.

Jua mtaa wako kabla ya kutoka. Nguo na viatu, anzia Mtaa wa Kongo. Simu na vifaa vyake, Aggrey na Msimbazi. Khanga na vitenge, Uhuru. Hutamaliza yote, kwa hiyo andika vitu vitatu ulivyovifuata na vingine vikija viwe nyongeza.

Sasa kuhusu mawinga. Hutatembea hatua kumi bila kijana kukudaka: "Dada, unatafuta nini? Viatu vya watoto vipo, njoo ghorofani." Ni mchangamfu, anajua kila kona, na atakufikisha kweli. Lakini hana duka, anakula cha juu. Mtazame muuzaji mtakapoingia. Ukiona amemwangalia kwanza yule kijana kabla hajakutajia bei, cha juu kimeshaingia, na hata ukipunguziwa elfu tano umepunguziwa nyongeza tu.

Dawa yake ni kuingia mwenyewe. Sema, "Asante kaka, nimeshaagizwa duka," na uendelee kutembea. Ukiwa ndani, salimia kwanza, halafu badala ya kuuliza "hii shilingi ngapi", uliza "jumla mnaanzia pisi ngapi?" Swali hilo linamwambia muuzaji kuwa si mara yako ya kwanza. Maduka mengi jumla inaanzia pisi chache, tatu au sita, ndiyo maana sisi tunaingia wanne wanne: kila mmoja anachukua jozi yake, tunalipa bei ya jumla, tunagawana nje. Uzunguke maduka mawili matatu kabla ya kutoa pesa.

Siwakatai mawinga moja kwa moja. Ukitafuta kitu adimu, mfano kipuri cha cherehani ya zamani, kijana wa pale atakuokolea nusu siku. Kubaliana naye malipo yake mapema, pembeni, ili yasiwekwe kwenye bei ya kitu.

Ukilipa kwa lipa namba, soma jina linalotokea kwenye simu na ulilinganishe na la duka kabla ya kuweka namba ya siri. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Pochi ikae mbele, simu usiishike mkononi ukiwa unavuka Msimbazi.

Saa saba rudisha mzigo gesti, mle, mpumzike. Kuanzia saa tisa nenda mjini, na hapa ndipo watoto wanapata zamu yao. Anzia kwenye Sanamu ya Askari, Barabara ya Samora, iliyosimamishwa 1927 kwa ajili ya askari wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Kutoka pale si mbali kwa miguu hadi Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Waeleze njiani habari za Zinjanthropus, fuvu alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, ili wakifika wawe na kitu cha kutafuta. Beba kitambulisho, kiingilio cha Mtanzania ni tofauti na cha mgeni. Mkitoka, teremkeni Kivukoni, mpite kanisa la Azania Front lililojengwa na Wajerumani, mwishie ufukweni mkitazama meli zinavyoingia bandarini. Matembezi haya yote hayana nauli.

Hatua ya 6: Jumapili ni ya bahari, na ufukwe mmoja tu

Wenye watoto wadogo nawapeleka Kigamboni. Kuvuka kwa pantoni kwa mtu mzima ni shilingi 200, mnalipa kwa kadi ya malipo ya N-Card, na kwa mtoto wa Moro ambaye hajawahi kupanda chombo cha majini, zile dakika chache ndizo atakazosimulia shuleni. Ng'ambo mnachukua bajaji hadi Mikadi, si mbali. Kabla ya kuvuka, pitieni Soko la Samaki la Feri asubuhi: unanunua changu au vibua, kuna wa kukuparia na wa kukukaangia palepale. Patana bei ya samaki, ya kuparia na ya kukaanga, kila moja peke yake na kabla kisu hakijagusa samaki.

Wasio na watoto waende Coco Beach, wale mihogo ya kukaanga kwa kachumbari na pilipili, wanywe madafu. Ukipitia Daraja la Tanzanite unaiona bahari pande zote mbili bila kulipa kitu.

Popote utakapochagua, ulizia maji. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa kuelekea saa nne asubuhi na kujaa alasiri. Ukifika Coco saa nne siku kama hiyo utakuta mawe na majani ya bahari, si pa kuogelea. Ukiogelea alasiri maji yakiwa yamejaa, mtoto asivuke kiuno chake na mtu mzima awe naye ndani ya maji, si juu kwenye mkeka. Sisi tumezoea Mto Ngerengere. Wimbi la bahari linarudi nyuma na kuvuta.

Kama treni yenu ni ya jioni, wekeni mwisho wa bahari saa nane mchana. Foleni ya pantoni Jumapili alasiri haina mjomba.

Hatua ya 7: Pesa igawanye kabla ya kuondoka

Nauli ya treni kwenda na kurudi na malazi vilipwe kabla ya safari, visiwe kwenye pesa ya mkononi. Kinachobaki kigawe mafungu matatu: chakula na usafiri wa ndani, viingilio, manunuzi. La manunuzi ndilo linaloibia mengine, kwa hiyo liweke kwenye laini nyingine ya simu kama unayo. Badilisha noti kubwa Moro, maana konda wa daladala asubuhi hana chenji ya elfu kumi, au anayo na hataki kuitoa.

Mwendokasi ni nafuu na ina njia yake yenyewe, itumie Barabara ya Morogoro. Teksi za kwenye simu zinafaa usiku au mkiwa wanne. Gari likifika, linganisha namba za gari na zilizo kwenye simu.

Hatua ya 8: Kurudi

Mzigo mkubwa wa Kariakoo usiupandishe kwenye treni. Wapo wasafirishaji pale Kariakoo wanaoutuma kwa basi ukaupokea Msamvu kesho yake. Andika jina na namba ya simu kwenye kila furushi kwa kalamu ya wino mzito, piga picha furushi na risiti ya msafirishaji. Mkononi baki na begi moja na la watoto.

Na kabla hujaondoka Morogoro Ijumaa, ongea na bodaboda au bajaji wa kijiwe chenu aje kukupokea stesheni Jumapili usiku, mtajie saa na bei kabisa. Treni ya mwisho ikishusha abiria wote kwa pamoja, bei ya kutoka pale kwenda Kihonda mtaani inapanda ghafla, na wenye watoto waliolala begani hawana nguvu ya kubishana.