Karani wa mizani, andika kwanza, salamu baadaye

Msimu wa korosho ukifunguliwa, ghala la chama cha msingi cha ushirika huko Tandahimba au Newala, Mtwara, halikosi kelele. Karani anasoma kilo 83.5 kwenye mizani, mzee mmoja anamsabahi, akigeukia daftari hakumbuki kama ilikuwa 83 au 38. Watu husema ni uzembe. Mimi nasema kichwa kilikuwa kimejaa. Kumbukumbu ya papo kwa papo hubeba vitu vinne hivi kwa mpigo, basi.

Inadhaniwa ubongo hushikilia vitu hivyo kwa msaada wa midundo ya umeme, inayoitwa mawimbi. Mawimbi ya theta hupiga mara 4 hadi 8 kwa sekunde, na ndani ya kila pigo hupita mawimbi ya kasi ya gama, zaidi ya 30 kwa sekunde. Kuna nadharia kwamba kila kitu unachokishika kichwani hupata zamu yake humo, kimoja baada ya kingine. Mawimbi ya alfa, mapigo 8 hadi 12 kwa sekunde, yanahusishwa na kuzima mambo yasiyohusika. Sauti inayokuita jina huweza kupenya hata hivyo, na simu ikitetemeka mfukoni ni yale yale.

Kwa hiyo tamka uzito kwa sauti, uandike palepale, ndipo uitikie marahaba. Namba ndefu ya mkulima ikate vipande: 041, kisha 728. Simu ikae kwa mwenzako mpaka foleni iishe. Anayetaka stori mwambie tu, "Babu, nimalizie gunia hili."