Somo: Kupanga lengo la mtihani linalofikika, hatua kwa hatua

Fungua ripoti yoyote ya muhula, uangalie pale chini penye maoni ya mwalimu wa darasa. Utakuta "Jitahidi zaidi." Aliyeshika nafasi ya tano kaandikiwa hivyo, wa mwisho naye kaandikiwa hivyo hivyo. Wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham, waliochunguza habari za malengo kwa miongo kadhaa, walionyesha kwamba mtu mwenye lengo mahsusi na gumu, akilikubali na akawa anaambiwa amefikia wapi, hufanya vizuri kuliko aliyeambiwa tu afanye awezavyo. Nimeandika somo hili nikiwafikiria walimu wa shule za kata huku kwetu Kigoma, na wanafunzi wao wa kidato cha tatu na cha nne.

Hatua ya 1: Leteni alama za mtihani uliopita

Usimwulize mwanafunzi anataka divisheni gani. Atajibu "wani" na mazungumzo yataishia hapo. Mwambie alete alama zake, mpige hesabu pamoja.

Tuchukue mfano (wa kutunga, ila mtoto wa namna hii kila mwalimu anamjua): Kiswahili 61, Uraia 47, Historia 43, Jiografia 41, Kiingereza 38, Biolojia 29, Hisabati 12. Kwa madaraja ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30, na chini ya hapo ni F. Pointi zinakwenda 1 hadi 5 kwa mpangilio huo. Masomo yake saba yanampa 3+3+4+4+4+5+5, yaani 28. Divisheni ya nne.

Sasa angalieni wapi yuko karibu na mpaka. Kiswahili amepungukiwa alama 4 kufika B. Historia 2 kufika C, Jiografia 4. Biolojia moja tu iwe D. Jumla alama 11, na pointi zinashuka hadi 24: divisheni ya tatu. Tena, kidato cha tano kinataka angalau C tatu, na awali alikuwa na mbili tu, za Kiswahili na Uraia. Sasa Historia, Jiografia na Kiswahili zote zimefika C au kupita, kwa hiyo anaweza kuombea kidato cha tano tahasusi ya HGK, yaani hayo masomo matatu.

Mtoto aliyeshazoea kujiita wa kufeli, akiiona hiyo 11 kwenye karatasi, anavuta kiti karibu. Ila asilenge 45 kamili. Alenge 50, maana usahihishaji wa shuleni si wa taifa.

Hatua ya 2: Geuzeni alama ziwe kazi

"Kupata 50 Historia" si jambo ambalo mtu anakaa Jumanne jioni akalifanya. Rudini kwenye karatasi yenyewe mwone alama zilipotelea wapi. Mara nyingi ni kwenye insha: katoa hoja tatu panapotakiwa sita, au hitimisho hakuandika kabisa. Basi lengo linakuwa hivi: kila Jumanne na Ijumaa, kipindi cha mwisho kikiisha, kabla hajatoka darasani, anaandika insha moja yenye utangulizi, hoja sita na hitimisho, kisha mwenzake anaihakiki. Siku ipo, mahali papo, kazi inajulikana.

Malengo yasizidi matatu. Mimi hata matatu nayaona mengi.

Hatua ya 3: Ulizeni kalenda ya nyumbani

Hapa ndipo mipango mingi mizuri inapofia. Kwenye mialo ya Ziwa Tanganyika kama Kibirizi na Katonga, dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hufanya kazi usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inapumzika. Siku za giza kuna kuanika na kugeuza dagaa, na watoto wanahitajika nyumbani. Kwa hiyo insha na mazoezi marefu yapangwe siku za mbalamwezi. Siku za giza zibaki na kazi ndogo, kama kusoma kurasa mbili. Wa Kasulu na Kibondo, walio mbali na ziwa, watazame msimu wa kupanda mahindi na maharage.

Hatua ya 4: Mwalimu naye aandike lake

Moja, na liwe la kazi yake mwenyewe. Kwa mfano, kurudisha madaftari ndani ya siku tatu. Libandikwe ukutani pamoja na ya wanafunzi.

Hatua ya 5: Pimeni kila wiki mbili

Dakika kumi zinatosha: imefanyika au haijafanyika? Ikikosa mara mbili mfululizo, punguzeni kazi, insha mbili ziwe moja.

Maswali na majibu

*Mwalimu, Uvinza:* Kaka, nina wanafunzi zaidi ya mia. Nitakaaje na kila mmoja?

*Jibu:* Hutakaa nao wote, ndugu yangu. Fanya hesabu moja ubaoni, kisha wawili wawili wapigiane. Wewe anza na wenye 25 hadi 29 na 40 hadi 44 kwenye somo lako.

*Mwanafunzi, kidato cha tatu:* Shikamoo mwalimu. Hisabati nina 12. Niiache?

*Jibu:* Marahaba. Ukweli ni kwamba 12 na 29 zote ni pointi 5, kwa hiyo ingekuwa imebaki miezi mitatu ningekwambia nguvu upeleke kwingine. Lakini wewe una mwaka mzima na zaidi. Chukua takwimu, seti na uhasibu, zimalize kabla hujagusa mada nyingine.

*Mzazi, Ujiji:* Mwanangu ananisaidia kuanika. Mbona naona mwalimu ananilaumu mimi?

*Jibu:* Hapana mama, dagaa ndio sare na daftari. Ninachoomba ni saa moja siku za mbalamwezi, isiguswe na kazi nyingine.

*Mwalimu wa taaluma:* Mkuu anataka kila mwalimu aandike ufaulu wa asilimia 100. Nifanyeje na mwaka jana somo langu walifaulu nusu?

*Jibu:* Iandike, ni agizo lake. Chini yake ongeza mstari wako: wanafunzi wangapi wako kati ya 25 na 29, majina yao, na utakutana nao siku gani. Ukienda ofisini kwake, zungumzia huo mstari wa pili.