Jinsi ya Kupima Matumizi ya Haki Kabla ya Kutumia Kazi ya Mwingine, na Jinsi ya Kujitetea Mzozo Ukizuka

Anayetengeneza video za uchambuzi kwa Kiswahili, awe anaishi Mwanza, Mombasa au Minneapolis, anapaswa kuifahamu sheria ya hakimiliki ya Marekani mara tu anapoziweka YouTube, kwa sababu maombi ya kuondoa video katika jukwaa hilo hufuata utaratibu uliowekwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1998. Katika sheria ya hakimiliki ya nchi hiyo umo utetezi uitwao matumizi ya haki, unaomruhusu mtu kutumia sehemu ya kazi ya mwenzake bila idhini kwa ajili ya uhakiki, maoni, habari, mafundisho au utafiti. Neno utetezi ni zito hapa. Shauri likifika mahakamani, anayedai kwamba matumizi yake yalikuwa ya haki ndiye mwenye mzigo wa kuyathibitisha, na kwa hiyo sababu zake zinapaswa kuwa tayari kabla video haijatoka.

Anza kwa kuandika, kwa sentensi moja au mbili, kile ambacho kazi yako inakifanya na kipande ulichokichukua. Kama jibu ni kwamba unakichambua, unakikosoa au unakitolea ushahidi wa hoja yako, una mahali pa kuanzia. Kama jibu ni kwamba kinapendezesha video, omba idhini au tafuta kitu kingine. Kifungu cha 107 cha sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976 kinaitaka mahakama ipime mambo manne, na lengo la matumizi ndilo la kwanza. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema, katika shauri la kundi la 2 Live Crew lililougeuza wimbo wa Roy Orbison kuwa dhihaka, kwamba kuuza kazi mpya hakuondoi peke yake uwezekano wa matumizi kuwa ya haki. Mwaka 2023 mahakama hiyo hiyo iliweka mpaka mkali zaidi. Picha ya mwanamuziki Prince aliyoichora Andy Warhol kutokana na picha ya mpiga picha Lynn Goldsmith ilipewa jarida kwa malipo, kwa kazi ile ile ambayo picha ya Goldsmith ingeifanya, yaani kupamba habari za Prince. Kuibadilisha sura hakukutosha, kwa kuwa lengo lilibaki lile lile.

Kwa watengenezaji wa video, shauri lenye mafunzo ya karibu zaidi ni lile la New York la mwaka 2017 kuhusu Ethan na Hila Klein. Walitumia zaidi ya dakika tatu za video ya mtu mwingine iliyokuwa na dakika tano na sekunde kadhaa, kiasi ambacho wengi wangekiona kikubwa mno. Walishinda kwa sababu walikuwa wakiisimamisha video hiyo mara kwa mara, wakiichambua kipande kwa kipande, na mtazamaji hakuweza kuifurahia kama ile ya asili. Hata hivyo, jaji alitahadharisha kwamba baadhi ya video za namna hiyo ni kama kikao cha kutazama pamoja bila maoni yoyote ya maana, na uamuzi wake haukuzihalalisha zote. Rudia kutazama video yako ukiwa na swali hilo moja: ukiondoa sauti yako, je, anayebaki kutazama anapata kila alichokuja kukitafuta kwa mwenye kazi?

Jambo la pili, asili ya kazi iliyochukuliwa, mara nyingi huamua machache. Inatosha kukumbuka kwamba taarifa za ukweli huachiwa nafasi pana kuliko ubunifu, na kwamba kazi ambayo haijachapishwa hulindwa zaidi.

Kuhusu kiasi, ambacho ni jambo la tatu, achana kabisa na imani kwamba sekunde fulani au maneno kadhaa ni salama, kwani hakuna idadi ya namna hiyo katika sheria. Mwaka 1985 jarida la The Nation lilishindwa kwa kuchukua maneno yapatayo 300 kutoka katika kumbukumbu za Rais Gerald Ford, zilizokuwa hazijachapishwa. Lilikuwa limechukua kiini cha kitabu. Shauri hilo linafundisha pia jambo la nne, yaani athari kwa soko: jarida la Time, lililokuwa limenunua haki ya kuchapisha dondoo kabla ya wengine, lilivunja mkataba na kukataa kulipa dola 12,500 zilizokuwa zimebaki. Mchapishaji wa kitabu alipoteza fedha halisi, na hasara hiyo ilikuwa na uzito mkubwa mbele ya majaji.

Kumtaja mwenye kazi ni adabu njema, lakini hakuchukui nafasi ya idhini. Wala kuandika chini ya video kwamba hukukusudia kukiuka hakimiliki hakusaidii chochote. Fahamu pia kwamba mahakama za nyumbani hazitumii kipimo hiki cha Marekani kama kilivyo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 hutaja malengo mahususi, kama uhakiki na kuripoti matukio ya sasa, na hudai chanzo kitajwe. Sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 huruhusu kunukuu kwa kiasi kinachohitajika na lengo, chanzo na jina la mtunzi vikitajwa.

Ukipokea ilani kwamba video yako imeondolewa, usijibu siku hiyo hiyo ukiwa na hasira. Soma ni nani analalamika na ni kipande gani, kisha urudie vipimo vile ukijiweka mahali pa mlalamikaji. Ukiona ana hoja, kata kipande hicho na umwandikie kwa heshima, maana wengi huridhika hapo. Ukiwa na hakika kwamba uko sahihi, peleka ilani ya kupinga. Ndani yake utatoa jina, anwani na simu, utathibitisha, chini ya adhabu ya kusema uongo kwa kiapo, kwamba unaamini kwa nia njema kuwa kazi iliondolewa kimakosa, na utakubali mamlaka ya mahakama ya shirikisho ya Marekani hata kama unaishi nje ya nchi hiyo. Mlalamikaji asipofungua shauri, jukwaa hurejesha video baada ya siku za kazi kati ya 10 na 14.

Wajibu wa haki uko pia kwa mwenye kazi, na hapa naona watu wengi wanaonewa. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa huko California iliamua, katika shauri la video ya sekunde 29 ya mtoto akicheza muziki wa Prince, kwamba mwenye haki lazima afikirie kwa dhati kama matumizi ni ya haki kabla ya kutuma ilani. Anayetumia ilani kumnyamazisha mhakiki kwa madai anayojua ni ya uongo anaweza kudaiwa fidia.

Kwa wanaoishi Marekani, tangu mwaka 2022 kuna baraza la madai madogo ya hakimiliki, ambalo haliwezi kuamuru fidia inayozidi dola 30,000. Mlalamikiwa ana siku 60 tangu kukabidhiwa hati rasmi za madai kukataa kushiriki, na mlalamikaji akitaka kuendelea itambidi aende mahakama ya shirikisho. Mlalamikiwa akinyamaza siku hizo zikapita, shauri litaendelea, na baraza linaweza kuamua bila yeye kuwapo.