Namna ya kuchunguza ndege wa mjini Goma bila kwenda mbali

Watu wengi wa Goma ukiwatajia ndege wa pori wanafikiria parki ya Virunga tu. Kumbe yule mwewe aliyeninyang'anya mandazi kando ya ziwa, ya moto, sijang'ata hata kidogo, naye ni wa pori vilevile, ila ameshasoma tabia zetu zote.

Anza na kunguru, wale wa kifua cheupe. Mtafute jalalani, umwendee polepole, akiruka tu simama hapohapo kisha hesabu hatua mpaka pale alipokuwa. Siku nyingine fanya hivyohivyo shambani, njia ya Sake. Mara nyingi wa mjini anakuacha usogee zaidi, ameshazoea watu, lakini jaribu kuinama kama unaokota jiwe uone!

Halafu nenda wanapoanika sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mwewe anazunguka juu, anashuka mara moja, anachukua kwa kucha na kula hukohuko hewani, wala hatui. Na hizo sambaza zenyewe si za Ziwa Kivu, zililetwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo hata mdiria, yule mweusi na mweupe anayesimama hewani kama helikopta kabla ya kujitupa majini, anakula samaki ambao mababu zake hapa hawakuwajua.

Kelele nazo zina mambo. Sikiliza Jumapili saa kumi na mbili asubuhi kabla pikipiki hazijaamka, rudi Jumatatu saa mbili palepale, linganisha. Kule Leiden, Uholanzi, watafiti walionyesha mwaka 2003 kwamba ndege wa sehemu zenye kelele wanaimba kwa sauti nyembamba zaidi ili mngurumo wa magari usiwafunike, na Sheffield, Uingereza, kuna wanaoimba usiku pale ambapo mchana ni vurugu.

Viota angalia kwa mbali, usipande nguzo ya umeme jamani. Utaona kamba, nyaya, plastiki. Huko Mexico City shomoro wanaweka hadi vipisi vya sigara, sumu ya tumbaku inapunguza wadudu kiotani, ajabu kweli.

Daftari la shule linatosha: tarehe, saa, hatua ngapi, alikuwa anakula nini. Na mandazi, kula kwanza ndiyo utoke.