Kabla hujalaza trekta masika haya, angalia haya kwanza

Wenye trekta huku Malindi na Magarini, mkishamaliza kulima mwezi wa 3 au wa 4 mvua ikashika, trekta inaweza kukaa hata miezi 3 haijaguswa. Tafadhali msiiegeshe tu chini ya mwembe mkaenda zenu, hii hewa yetu ya bahari ikichanganyika na mvua chuma kinaoza upesi sana.

Osha tope lote, lakini na maji ya mvua au ya mfereji, sio ya kisima cha chumvi. Piga grisi kila nipo, vile vichuchu vya kuingizia grisi, mpaka ile ya zamani itoke. Oili badilisha saa hii, usingoje ukirudi, ile iliyotumika ina asidi na unyevu, itakaa humo inakula beringi miezi yote. Tangi jaza dizeli mpaka juu, ukiacha nafasi hewa inatoa jasho usiku, maji yanashuka chini ya tangi na ndiyo yanayoua pampu na nozeli zinazopuliza dizeli kwenye injini. Betri toa, weka mahali pakavu, chaji kila mwezi. Plau shusha chini. Klachi ikanyage uizuie na kipande cha mti, sahani ya klachi isije ikagandana na flaiwili, lile gurudumu zito la injini.

Sasa ekzosi, lile bomba la moshi, hapa nisikilizeni vizuri.

Trekta ya mjomba wangu kule Gongoni niliachiwa mimi. Ekzosi yake imesimama wima juu ya boneti, nikaifunika na kipande cha nailoni nikafunga kamba ya mpira, nikaona nimemaliza. Kusi ikavuma ikaing'oa, sijui siku gani kwa sababu sikurudi kuangalia, na mvua ikanyesha mwezi wa 5 mzima ikiingia mle ndani. Injini ikizima huwa kuna silinda ambayo valvu yake ya ekzosi imebaki wazi, kwa hiyo maji yakateremka moja kwa moja mpaka juu ya pistoni. Mwezi wa 7 tukapiga stata, ikafanya "tk" ikakwama. Wote tukasema betri. Tukaleta trekta ya jirani tukaivuta, gia ya 3, dereva akaachia klachi, tukasikia mlio kama jiwe limepasuka ndani ya sufuria. Maji hayashindiliki kama hewa jamani, pistoni ikipanda ikakutana nayo lazima kitu kivunjike. Fundi alipofungua hedi tukakuta maji rangi ya chai, konrodi, ule mkono unaosukumwa na pistoni, imepinda, ringi za pistoni zimeshikana na laina, ukuta wa silinda, kwa kutu. Pesa ya korosho yote ikaingia humo, na shamba la vuli mjomba akalima kwa jembe la mkono na umri ule wake.

Kwa hiyo funika na kopo la bati, ulifunge kwa waya, na kila mvua ya upepo ikipita mtu aende aangalie. Siku ya kuiamsha usikimbilie stata wala kuivuta. Toa nozeli, zungusha injini kwa mkono na spana kwenye puli ya kranki, ile ya mbele ya injini inayozungusha mkanda, raundi 2 kamili, ikigoma acha hapo hapo uite fundi. Halafu kuna panya wanaotafuna waya, kuna nyigu wanaojenga kwenye mabomba, kuna watoto wanaopanda kucheza, na ufunguo nao usiuache kwenye trekta.