Mbuzi yupi maziwa yake yanaganda vizuri? Mpime jikoni

Huku Buhongwa ukimuuliza mtu mbuzi wake mzuri ni yupi atakuonyesha anayejaza jagi, na mimi nilikuwa hivyohivyo mpaka nilipoanza kutengeneza jibini nikaona jike langu la lita mbili linanipa vijidonge laini vinavyopenya kwenye kitambaa, wakati chotara wa lita moja ananipa donge la kushika mkononi. Nikasingizia ndimu weee, kumbe ni jeni.

Iko hivi, kinachoganda kwenye maziwa ni protini inaitwa kesini, na kesini moja, alfa-S1, inatofautiana sana mbuzi kwa mbuzi. Kila mbuzi ana nakala mbili za jeni inayotengeneza hiyo kesini, ya mama na ya baba, na nakala zina aina zake zinazoitwa kwa herufi. Nakala A na B ndo kali, kila moja inaweka kama gramu 3.5 kwa lita, E ni ya kati, F inaweka kama nusu gramu, na O haiweki kitu. Wale mbuzi wa Kinorwei, ambao waliletwa Mgeta kule Morogoro miaka ya 1980, kwao Norwei O ilikuwa imejaa tele, kwahiyo ukinunua chotara wao usisifie tu lita.

Sasa kupima. Kila mbuzi mkamulie kwenye chombo chake asubuhi ileile, na wawe wamezaa kwa kupishana wiki mbili tatu tu na wanakula majani yaleyale, mwenye ugonjwa wa kiwele mtoe kabisa maana atakudanganya. Chukua lita moja kwa kila mmoja, pasha mpaka yakaribie kuchemka (nyuzi 85 kama una kipimajoto), epua, weka maji ya ndimu vijiko vitatu vya chakula, koroga mara moja taratibu, acha dakika kumi. Usikoroge koroge kama uji! Mimina kwenye kitambaa cheupe, ning'iniza nusu saa, pima kwenye mzani wa duka, andika. Rudia asubuhi tatu, siku moja haitoshi.

Mzani hautakutajia kama ni F au O, hiyo ni kazi ya DNA, manyoya machache yenye mizizi yanatosha, ila kwa kuchagua wa kubaki bandani mzani unasaidia sana.

Watu wanapokosea ni kwenye beberu. Yeye hakamuliwi, kwahiyo nenda kwa mwenye beberu umuombe maziwa ya mama yake au ya mabinti zake ukayapime, maana beberu mwenye O mbili kila mtoto wake anaondoka na O moja, na beberu mmoja anapandia mtaa mzima.

Lile jike langu la lita mbili sijaliuza, maziwa yake ni ya chai, na nimelipandisha kwa beberu ambaye donge la mama yake nimelipima mwenyewe.