Ukiwa kwenye kemo na ukishamaliza: namna ya kuishi na mwili wako

Nilimuuguza mama mwenye kansa miezi yote ya kemo (dawa kali za kuua seli za kansa) na baadae mionzi, na kubwa nililojifunza nakwambia mapema kabisa: usivumilie kimya. Mgonjwa akizoea kujibu "niko sawa tu" kila akiulizwa, nesi atajuaje pa kumsaidia?

Kwa hiyo anza na daftari, hata lile la shule. Kila siku andika joto la mwili, ulichokula, umetapika mara ngapi, choo kikoje, wapi panauma. Ukurasa mmoja wa mama ulikuwa hivi: "asubuhi 36.8, supu nusu kikombe, vidole vinawaka." Daktari aliposoma hayo maneno mawili ya mwisho ndo akapunguza dozi, kumbe dawa ilishaanza kugusa mishipa ya fahamu na mama miaka yote alikuwa mtu wa kusema ni baridi tu itapita.

Nunua na themomita. Kemo inashusha seli nyeupe za damu, kwa dawa nyingi zinakuwa chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, hapo mwili hauna wa kuulinda. Joto likifika 38 pigia hospitali muda huohuo hata kama ni saa nane usiku, na usimeze dawa ya homa kabla hujaongea nao maana homa itashuka themomita ikudanganye huku maambukizi yanaendelea.

Dawa ya kichefuchefu imeze kama ulivyoelekezwa, usisubiri mpaka kipande, kikishapanda kukirudisha ni kazi. Harufu ya chakula ikikukera kula kilichopoa, kidogo kidogo mara nyingi. Ukisikia ladha ya chuma mdomoni jaribu kijiko cha plastiki. Vidonda vya mdomo: mswaki laini, sukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo.

Uchovu wake ni mwingine, unalala masaa kumi mazima unaamka umechoka vilevile. Ajabu ni kwamba kutembea kidogo kila siku kunasaidia kuliko kitanda, sisi tulianza mlangoni mpaka getini basi. Na mitishamba, tafadhali, mwambie daktari kabla hujanywa, mingine inagombana na dawa.

Sasa ukimaliza, hapa ndo wengi tunawaacha wagonjwa wetu. Pongezi zinamiminika, wiki mbili simu zimekauka, na mtu bado anasahau majina, bado kachoka, na tarehe ya kipimo ikikaribia hapati usingizi. Hivyo vyote vinatokea sana na vinaweza kuchukua miezi, siyo uvivu. Siku ya kipimo msindikize.

Omba pia karatasi yenye muhtasari: aina ya kansa, dawa na dozi, mionzi ilipigwa wapi, vipimo vinavyofuata ni lini. Daktari mwingine akikuona miaka ijayo ataihitaji. Ukitolewa matezi ya kwapa na mkono ukaanza kuvimba au pete kubana, rudi mapema. Mambo ya chumbani na uzazi nayo uliza, daktari hashangai.

Mama nywele zilirudi, laini kuliko za mwanzo. Daftari bado analo, siku hizi anaandika tu amefika wapi: "leo getini mara nne."